Lebo Iliyokatika Vizuri

Nawaambia mapema msije mkasema nimewavizia: kuna watu siwezi kukaa nao meza moja na chakula kikapita kooni. Bosi wetu ni mmoja. Yule bwana tunayemwita Poa ni wa pili. Tumbo langu halina ugonjwa wowote. Nina kinyaa, na kinyaa changu kina sababu, maana mama wa watu nusura azikwe kwa ajili ya sentensi iliyokatwa mkia, na hawa wawili walikuja wodini na matunda.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nakaa na chuma changu cha moto na waya wa risasi, naunganisha vidude vya ndani vya mashine ya kuchapa lebo za dawa. Zile bahasha ndogo za vidonge mnazopewa hospitali mnazijua. Zamani mfamasia alikuwa anaandika kwa kalamu, mwandiko ambao hata mwenyewe akirudishiwa kesho yake hausomi. Mashine yetu inachapa kikaratasi chenye gundi, kina jina la mgonjwa na namna ya kumeza dawa. Mfamasia anabonyeza, kikaratasi kinatoka, anabandika, mgonjwa anaenda zake.

Programu ya mashine hiyo waliiandika watu wawili. Poa aliandika sehemu ya lebo. Jina hilo alilipata kwa sababu kila ukimwambia jambo, hata ukimwambia nyumba inaungua, anakujibu "poa". Sehemu ya vitufe na kioo aliandika mwenzangu, ambaye habari zake ndizo ninazotaka kuwapa. Yeye kazini tulimwita Kibaba. Mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye vidole vya wino, na kila ukimletea kitu atakuuliza kwanza kipimo chake. Ukisema unakwenda kuteka maji, "Ndoo ya lita ngapi?" Ukisema umemchemshia chai, anakuja kukitazama kikombe. Watu wakamcheka, wakasema huyu kibaba cha kupimia unga cha nani, na jina likaganda.

Mimi sikumcheka, kwa kuwa mama yake alinisimulia. Mama huyu ni mshonaji, anashona sare na mapazia chumbani kwake, na mdomo wake hauna pazia. Aliniambia walipokuwa wamepanga nyumba ya uani, mwenye nyumba aliongeza wapangaji kila mwezi, ila shimo la choo lilikuwa lile lile. Akiambiwa shimo limejaa, anasema, "Bado, bado." Mvua ikanyesha asubuhi. Mtoto alikuwa amekaa jikoni na bakuli la uji. Vile vitu vikapita chini ya mlango, taratibu, na funza juu yake, vikaja mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Mwenye nyumba akasimama mlangoni na mswaki mdomoni, akasema, "Aa, si maji tu haya." Mtoto alitapika mpaka akatapika nyongo. Toka siku hiyo, mama aliniambia, hakuna kinachomchefua binti yake kama mtu anayemimina bila kuuliza chombo kina nafasi gani.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kusomea kazi ambayo ni kumimina tu.

Alinieleza mchana mmoja kwa vikombe vya ofisini, ambavyo vilikuwa na ukoko wa chai na ukungu wa kijani kwa ndani, kwa sababu ofisi yetu kila mtu ni bosi wa kunywa na hakuna bosi wa kuosha. Alivishika kwa ncha za vidole. Akasema lugha wanayoandikia mashine ndogo kama zetu inaitwa C. Ndani ya mashine unatenga nafasi ya kuwekea herufi, wao wanaiita bafa, na nafasi hiyo ina kipimo chake. Ya lebo yetu ilikuwa ya herufi sitini na nne, na moja ni ya alama ya kufungia maneno. Haipanuki. Na C haina huruma wala haina maswali. Ukitumia amri ya zamani, sprintf, inachukua jina na maelezo, inayaunga na kuyamimina yote, yaenee yasienee. Yakizidi yanamwagikia kwa jirani, kwenye nafasi iliyowekwa kitu kingine kabisa.

"Kama choo cha mwenye nyumba wenu," nikasema.

"Choo kile kile, dada," akasema, akakisukuma kikombe mbali.

Poa alikuwa ameijaza sprintf kila mahali. Kwa hiyo mashine zilirudi. Nyingine ilichapa nyota na mabano, nyingine ilichapa kipande cha jina la mgonjwa wa asubuhi kwenye lebo ya mgonjwa wa mchana, kisha ikazima na kukataa kuwaka. Mimi ndiye niliyekuwa nazifungua. Loo! Mende wamezaa kwenye njia ya karatasi, dawa ya kikohozi imeganda juu ya vitufe na nywele za watu zimenasia humo. Nilikuwa navaa glavu mbili mbili. Lakini uchafu huo ulifutika kwa spiriti.

Bosi akaita mkutano. Bosi wetu ni mtu wa manukato. Anajipaka mpaka ukikaa naye chumba kimoja unaonja ladha yake kwenye ulimi. Akapiga meza. "Nataka usalama! Mashine zisife tena. Poa, nasikia kuna amri salama."

"Ipo, bosi. Poa."

Na kweli ipo. Inaitwa snprintf, ndugu ya ile ya kwanza ila hii ina adabu. Unaiambia ukubwa wa chombo, nayo haizidishi hata herufi moja. Ikifika ukingoni inafunga na kuacha. Poa akakaa na kompyuta yake, akaiambia itafute kila sprintf na kuibadilisha, akazungukia mabano akitia vipimo, na kabla ya saa ya kutoka amemaliza. Mahali pamoja, badala ya kupima chombo, alipima anwani inayoelekeza chombo kilipo, nayo anwani ni fupi. Lebo za majaribio, ambazo hatukutia jina la mtu, zikatoka na herufi tatu tu. "Mez." Basi. Mez nini, mezani? Ofisi nzima tulicheka mpaka tukashika mbavu, naye akarekebisha. Lile lilikuwa kosa zuri, maana lilikuwa baya mpaka kipofu akaliona.

Wakaleta keki. Bosi akatengenezesha stika za kijani zenye neno SALAMA, kila mashine ikabandikwa usoni. Watu wakala keki kwa mikono iliyotoka kushika panya wa kompyuta wenye utando wa jasho. Kibaba hakula. Alikuwa anasoma kazi ya Poa kwenye kioo chake.

"Poa," akasema, "na kilichobaki nje kinakwenda wapi?"

"Kipi?"

"Ikifika ukingoni ikaacha. Yale maneno yaliyokosa nafasi."

"Yanakatwa. Si ndiyo usalama wenyewe? Hakimwagiki kitu."

"Ile amri inakurudishia namba. Inakuambia yangehitajika herufi ngapi ili yaenee yote. Ukiilinganisha na ukubwa wa chombo unajua papo hapo kama umekata. Umeita amri hii kote humu, na hata mara moja hukuisoma namba."

Poa akalamba krimu kwenye kidole gumba, polepole, mpaka kwenye ukucha. "Kibaba, mashine haijafa. Mashine ikiwa haijafa, mimi na wewe tuko poa."

"Mimi siulizi habari za mashine kufa," Kibaba akasema.

Alimfuata Bosi ofisini kwake, na mimi nikaenda naye kama shahidi, kwa sababu Bosi ana tabia ya kusahau. Kibaba akamweleza kwamba lebo iliyokatwa ni hatari kuliko lebo iliyoharibika. Iliyoharibika mtu anaitupa. Iliyokatwa anaimeza. Akaomba aongeze mistari mitatu: mashine isome namba, na ikiona maneno yamezidi isichape kitu, ipige kengele, iandike kwenye kioo, "Hayaenei, gawa lebo mbili." Bosi akakunja pua, akakubali kwa kuwa alikuwa anataka kwenda kula.

Kibaba alifurahi siku ile! Nilikwenda naye kwa mama yake tukamkuta anatunga uzi kwenye sindano, bila miwani, dirishani. Mama alikuwa na vidole vimevimba kwenye viungo, asubuhi haviwezi kufunga kifungo, na kwa mshonaji hiyo ni njaa. Daktari wa hospitali ya karibu alikuwa amesema atamwanzishia dawa mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona huyu leo meno nje?"

"Mama, hospitali yako imechukua mashine yetu," Kibaba akasema. "Ukipewa dawa, lebo imechapwa na kazi ya mkono wangu. Na nisikilize vizuri. Mashine ile ikishindwa kuandika yote, hainyamazi. Inapiga kelele na haitoi kitu. Ikitoa karatasi, basi kilichoandikwa ndicho. Amini karatasi."

"Ee, nimesikia. Wafamasia wenyewe wanazungumza huku wanatafuna."

"Amini karatasi, mama."

Mimi nilikuwepo, niliyasikia kwa masikio yangu haya. Nikiyakumbuka maneno hayo nasikia uchungu mdomoni.

Zikaja simu. Hospitali zinalalamika: mashine inapiga kengele ovyo, wagonjwa wenye majina marefu wanachelewesha foleni, mfamasia inabidi agawe lebo mbili. Bosi akamwita Poa. Alisema, na haya nimeyajua baadaye kwa mdomo wa Poa mwenyewe, "Mashine inayomkatalia mteja haiuziki. Iondoe hiyo kengele." Poa akasema poa. Akafuta mistari mitatu, akaenda hospitali moja baada ya nyingine na kuingiza programu mpya. Mimi sikuambiwa, lakini mimi ni fundi wa risasi, naambiwa nini? Aliyepaswa kuambiwa ni Kibaba, naye hakuambiwa. Alipita kila siku mbele ya ile stika ya kijani akiamini kengele yake iko ndani.

Kisha mama akaenda kuchukua dawa.

Dawa ile ni kali. Inamezwa mara moja kwa wiki, na ukiimeza kila siku inakula mdomo, inakula utumbo, inakula damu. Mfamasia alikuwa dada mmoja mwangalifu sana. Kwenye foleni kulikuwa na mama mwingine mwenye majina yale yale matatu, lake, la baba na la babu. Ili dawa zisibadilishane, yule dada akaongeza jina la nne. Akaandika maelezo yote sawasawa: kidonge kimoja kila siku ya Jumatatu. Akabonyeza. Yale majina manne yakala zaidi ya nusu ya chombo, maneno yakaanza kupanga foleni, na chombo kikajaa baada ya neno "siku". Amri yenye adabu ikafunga mlango. Mashine haikufa, haikulia. Kikatoka kikaratasi safi, wino mweusi, kimenyooka: Kidonge kimoja kila siku.

Mnaona uchafu wake? Ingekatika katikati ya neno, mtu angeuliza. Ingeandika "kila si", mama angerudi dirisha la dawa. Ilikatika vizuri, ikabaki sentensi nzima isiyo na kovu, na watu walio nyuma kwenye foleni, na dada yule akabandika huku anamwambia kwa mdomo, "Mama, Jumatatu, eh?" Mama akaitikia. Kufika nyumbani akasoma karatasi.

Hazikupita wiki mbili Kibaba akanipigia simu kazini, yeye yuko hospitali. Nikaenda. Sijui kama mmewahi kuona mdomo wa mtu uliochubuka ngozi kwa ndani. Midomo ilikuwa imepasuka, ulimi una mabaka meupe, mate yenye damu yanachuruzika kwenye beseni, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichokufa. Mama ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, hawezi kumeza hata maji. Mikononi ana madoa ya zambarau. Daktari akasema damu yake imeshuka vibaya mno, na siku chache zijazo ndizo zitakazoamua kama ataishi. Akamuuliza: dawa ulikuwa unameza vipi?

Mama akamtazama binti yake. Kisha akasema kwa shida, neno moja moja, "Nilimeza kila siku. Nilisoma vibaya. Macho yangu mabovu."

Kibaba akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Macho mabovu! Mwanamke anayetunga uzi dirishani bila miwani!

"Mama, bahasha iko wapi?"

"Nimetupa."

Ng'o. Tulikwenda chumbani kwake kumchukulia nguo, na Kibaba hakwenda kwenye nguo, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo, maana ndimo mama anamoficha kila kitu toka yeye ni mtoto. Bahasha ilikuwa chini, imefunikwa na vifungo. Akaisoma. Akaanza kuhesabu herufi kwa kidole, jina la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Alipofika mwisho akakaa juu ya kitanda cha mama yake. "Ilitakiwa kulia," akasema. "Dada, ilitakiwa kulia. Kwa nini haikulia?"

Tukaenda kazini tukiwa na bahasha ile. Kibaba akawasha mashine iliyokuwa mezani kwangu, yenye programu mpya, akaandika majina manne ya mama yake na maelezo kamili. Akabonyeza. Krr, krr, karatasi ikatoka. Kidonge kimoja kila siku. Kengele kimya.

Poa alikuwa anakula mkate wa mayai kwenye kompyuta, makombo yanadondokea kwenye herufi. Kibaba akamwekea karatasi mbele. Hakupaza sauti.

"Umeiondoa?"

Poa akaangalia karatasi, akaangalia viatu vyake. "Wateja walilalamika. Bosi alisema. Ni mistari mitatu tu, Kibaba."

"Ungeniambia ni mistari mitatu tu."

"Nilijua utaleta maneno."

Akameza tonge lake. Haki ya nani, nililisikia likishuka. Nilitaka kumbandika chuma changu cha moto kwenye paji la uso, na sijui hata leo ni nini kilichonishika mkono.

Hospitali ilikuwa imeanza kuuliza maswali yake. Mganga mkuu alitaka kujua kama ni mgonjwa, mfamasia au mashine, na yule dada mfamasia alikuwa ameshasimamishwa kazi, yuko ukumbini amekaa kwenye benchi macho mekundu, anarudia tu kwamba aliandika Jumatatu. Bosi alipopata habari hakungoja kuitwa. Tulimkuta wodini na kapu la matunda kwa mtu asiyeweza kumeza maji. Poa akaja nyuma yetu akijifuta mdomo. Manukato ya Bosi yalijichanganya na harufu ya lile beseni, nikatamani kukimbia.

"Mama yetu, pole sana," Bosi alikuwa anasema, amemshika mkono kwa vidole viwili. "Uzee ni uzee, macho ni macho. Hata mimi naanza kuvaa miwani. Mganga mkuu, nadhani umemsikia mwenyewe. Alikosea kusoma. Mashine yetu ni salama, imejaribiwa, haijawahi hata kuzima."

Panya anapuliza huku anang'ata. Mganga mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, akaandika kitu na kumwuliza mama, "Ni kweli mama? Ulikosea kusoma?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

Kibaba akasogea mpaka kitandani. Akaitoa bahasha. Mama alipoiona akafumba macho.

"Mama, soma."

Mama akageuzia uso ukutani.

"Mama, nisomee karatasi hii. Kwa sauti, hawa wasikie."

"Sioni, mwanangu."

"Unaona. Unaona tundu la sindano nisiloliona mimi."

"Mama kachoka," Bosi akadakia, "tusimsumbue mgonjwa, jamani, utu..."

"Wewe nyamaza!" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Mganga mkuu akanigeukia, kisha akamgeukia Bosi, naye Bosi akauachia mkono wa mama.

Kibaba akapiga magoti sakafuni, sakafu ya wodi, yeye ambaye hashiki kikombe kichafu. Akaweka uso wake karibu na ule mdomo. "Mama, najua unanifunika mimi. Unadhani ni mkono wangu. Lakini ukinifunika mimi umewafunika na hawa, na yule dada nje atafukuzwa kazi, na kesho kuna mama mwingine dirishani ana majina marefu. Mficha uchi hazai, wewe ndiye uliyenifundisha. Soma mama."

Mama akalia kwanza. Machozi yakaingia kwenye vidonda vya midomo, akashtuka kwa maumivu. Kisha akaishika bahasha, akaiweka mbali kidogo, hakukunja jicho hata moja. Akasoma majina yake yote manne. Akasoma, "Kidonge. Kimoja. Kila siku." Akapumzika. "Ndivyo ilivyoandikwa. Yule binti aliniambia Jumatatu. Nilimsikia vizuri. Nikasema, huyu ni mtu, anaweza kusahau. Karatasi ni ya mwanangu."

Mganga mkuu akaichukua bahasha, akaisoma mwenyewe. Kibaba akasimama akamweleza, kwa maneno machache, namba isiyosomwa, kengele iliyoondolewa. Alipomaliza, Mganga mkuu akamwuliza Poa kama ni kweli. Poa akamtazama Bosi. Bosi akawa anazitazama zabibu zake.

"Ni kweli," Poa akasema.

Mashine zikang'olewa hospitali ile siku ile ile, na nyingine zikafuata. Yule dada mfamasia akarudishwa dirishani. Bosi alimvuta Kibaba pembeni ukumbini, nikasikia, akamwambia kwa sauti ya chini, tamu, "Tutairudisha kengele yako, eh? Tena tutaiita kwa jina lako." Nyoo! Hana haya wala hajui vibaya. Kibaba alimtazama kama anavyotazama kile kikombe cha ukungu. Kesho yake alikuja kazini, akabandua ile stika ya SALAMA kwenye mashine ya mezani kwangu kwa kucha zake, gundi ikabaki chini ya kucha, akanawa mikono kwa muda mrefu, akachukua mkoba wake na hakurudi tena. Nami sikukaa sana.

Mama alipona, kama mnaita kupona. Mdomo ulifunga, damu ikapanda, vidole vikatulia, anashona. Daktari amempa dawa nyingine, nayo ni ya mara moja kwa wiki, na yule dada aliiandika mwenyewe kwa kalamu, herufi kubwa, JUMATATU, akaipigia mstari. Ukutani kwa mama kuna kalenda ambayo Kibaba amezizungushia Jumatatu zote kwa wino mwekundu. Macho ya mama ni yale yale, uzi unapita kwenye sindano mara ya kwanza.

Lakini kuiamini karatasi hawezi. Jumatatu iliyopita nilikuwa nimekaa na Kibaba tunakula, simu ikalia, akaiweka kwenye spika ili nami nimsalimie mama. Nikasalimia. Mama akaitikia, kisha akakohoa kidogo, kama mtu anayeomba kitu cha aibu.

"Mwanangu, nina bahasha mkononi hapa. Imeandikwa Jumatatu. Leo ni Jumatatu?"

"Ndiyo mama. Leo."

"Nimeze?"

"Meza mama."

Tukasikia maji yakimiminwa kwenye bilauri, akameza, akapumua.

"Na kesho?"

Kibaba alikuwa ameshaisukuma sahani yake mbali.

"Kesho hapana, mama," akasema. "Kesho usimeze."